Vyuma Vikikaza: Mwongozo kwa Meneja wa Mandewa Anayetaka Kuendelea Kusalimiwa

Meneja wa Dar es Salaam anaweza kumwachisha mtu kazi Ubungo asubuhi, jioni akarudi kwake Mbagala, na wawili hao wasionane tena mpaka kiama. Meneja wa Mandewa hana nafasi hiyo. Mtu aliyempunguza kazini Ijumaa atakutana naye Jumapili kanisani, au Ijumaa inayofuata msikitini. Watakaa benchi moja wakisubiri kuitwa Hospitali ya Rufaa. Watasimama foleni moja dukani, mmoja akilipa na mwingine akiomba aandikwe kwenye daftari. Na mzee wa mtaa akifariki, watabeba jeneza pamoja, huyu mbele, yule nyuma, na safari ya makaburini itakuwa ndefu sana kama hawasemezani.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa ajili ya Mandewa. Nimemfikiria meneja wa kinu cha kukamua alizeti, kwa kuwa Singida ni alizeti, lakini meneja wa gereji, wa shule binafsi, wa duka la dawa au wa nyumba ya wageni anaweza kuutumia bila kubadilisha neno. Haufundishi kusoma hesabu za mwaka. Hesabu zina wahasibu. Unahusu mambo ambayo mhasibu hawezi kukufanyia: kusalimia, kusema ukweli mapema, kusikiliza mtu aliyekasirika, kujibana wewe kwanza, na kuagana na mtu kama binadamu.

Anza kwa kujua shida imetoka wapi

Meneja anayeulizwa kwa nini mshahara umechelewa na kujibu "hali ya uchumi wa dunia" ameshindwa mtihani wa kwanza. Dunia ni kubwa, na mpakuaji wa magunia hana namna ya kuikagua. Anachokijua ni lori. Anajua mwaka jana yaliingia mangapi getini na mwaka huu mangapi, kwa sababu ni mgongo wake uliyapakua. Zungumza naye kuhusu lori.

Mfano upo na si wa mbali. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Aprili 28 mwaka huohuo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese kwenda nje, na zuio hilo likadumu hadi Mei 23. Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia, hivyo bei ya dumu ikapanda kila mahali na kina mama wakaanza kupima mafuta kwa kijiko. Serikali, katika bajeti ya 2022/23, ikapunguza ushuru wa mafuta yanayoingia ili kumpa mlaji nafuu. Mlaji akaipata. Ila mafuta ya bei nafuu yalipojaa sokoni, bei ya mbegu za alizeti ikaporomoka, na mkulima wa Singida akabaki na magunia ndani. Huyu ni mkulima aliyekuwa ametoka kuhamasishwa mwaka uliotangulia, Singida, Dodoma na Simiyu zilipotajwa kuwa mikoa ya kimkakati ya zao hilo. Wengine wakapunguza mashamba. Mwenye kinu aliyekuwa analia hana wanunuzi wa mafuta akajikuta, msimu uliofuata, analia hana mbegu za kukamua. Bajeti iliyofuata ushuru ukapandishwa tena.

Habari hiyo yote inaelezeka kwa dakika tatu, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kutumia vitu vinne: lori, gunia, dumu na ushuru. Meneja asiyeweza kuieleza hivyo hajaielewa. Akajifunze kwanza, hata kwa kuwauliza madereva, maana dereva wa lori la mbegu hujua bei za Kiomboi, Mkalama na Ikungi kabla ya mtu mwingine yeyote ofisini. Ukishaieleza vizuri, jambo moja kubwa hutokea: mfanyakazi anaacha kufikiri kwamba fedha yake imejengea nyumba yako. Hiyo ndiyo tuhuma ya kwanza kila mahali vyuma vinapokaza, na haiondoki kwa kukasirika.

Toka ofisini

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Meneja wa kawaida, mambo yakimwendea vibaya, huanza kupotea. Vikao vya Dodoma vinaongezeka. Simu yake inatumika muda wote. Vioo vya gari vinapandishwa hata jua la Oktoba likiwa utosini. Anaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa stoo ya mashudu, na kutoka kwa mlango huohuo na vumbi la mashudu kwenye suruali. Karani anaambiwa aseme "bosi yuko kikaoni", na anasema hivyo huku viatu vya bosi vinaonekana chini ya mlango. Wafanyakazi wanaviona viatu. Wanavijua. Wanajua hata ni lini vilipigwa rangi.

Meneja wa namna hii anadhani anaficha tatizo, kumbe analitangaza. Kiwandani hakuna siri ya fedha. Keshia akirudi kutoka benki na sura ile, mama wa chai ameshajua. Fundi umeme akiambiwa asubiri kununua mkanda wa mashine, ameshajua. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usipolisema wewe litasemwa na kijiwe cha bodaboda, na kijiwe hakina sababu ya kukuhurumia. Kitasema kiwanda kimeuzwa, kitataja na aliyenunua.

Dawa yake ni miguu. Saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine haijawashwa, tembea. Pita kwenye mizani, pita bandani, pita kwa mlinzi anayebadilisha zamu. Usipite ukikagua. Pita ukisalimia. Na hapa niseme jambo ambalo vyuo vya uongozi hulisahau: cheo hakifuti umri. Kama una miaka 32 na mwendesha mashine wako ana 58, wewe ndiye unayetoa shikamoo. Nimewaona mameneja vijana wanaosubiri kuamkiwa na watu wa umri wa baba zao, na nimeona jinsi watu hao walivyofanya kazi: kwa kiwango kilekile cha mshahara, wala si tone zaidi.

Mazungumzo yenyewe hayana ufundi mkubwa. Huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi. Za nyumbani?"

"Nzuri, mzee wangu. Mashine imeamkaje?"

"Mashine ni nzima. Wagonjwa ni sisi. Hebu niambie, mwanangu, Alhamisi mshahara upo?"

"Alhamisi hautakuwepo wote, mzee. Nimepiga hesabu, ipo nusu. Nusu nyingine inategemea mashudu, na mnunuzi ameahidi kulipa tarehe 12. Saa nne nitawaambia wote, lakini wewe umeniuliza, siwezi kukudanganya."

"Basi sawa. Ungeniambia upo, ningekwenda kumwahidi mwenye nyumba."

Lishike neno hilo la mwisho. Mzee hajafurahi, na hana sababu ya kufurahi. Ila ameokoka na aibu ya kuahidi kitu kisichokuja. Atakwenda kwa mwenye nyumba na nusu mkononi na tarehe mdomoni, atazungumza kama mtu mzima, na huenda akapewa muda. Ukweli wako wa asubuhi umemlindia heshima yake ya jioni. Hakuna semina ya hotelini yenye thamani hiyo.

Mkutano wa saa nne

Ufanyie bandani, penye magunia, si ukumbini. Waliochoka wakae juu ya magunia. Wewe simama mahali unapoonekana na uzime simu. Kuitia tu kwenye mtetemo hakutoshi, maana mtu anayetetemeka mfukoni wakati anaeleza njaa ya wengine hasikilizwi.

Anza na takwimu. Usianze na historia ya kampuni, wala na shukrani kwa uongozi wa juu, wala na sala ndefu inayozunguka mpaka watu waanze kutazama saa. Watu wamekuja na swali moja tumboni, na mpaka uwajibu hawatasikia kitu kingine. "Mwezi huu tumeuza madumu kadhaa. Tumelipa umeme kiasi hiki. Tumebakiwa na hiki. Mishahara yote ni hiki. Pengo ni hili." Ziandike kwenye ubao, hata kwa chaki. Mtu aliyesoma mpaka darasa la saba anajua kutoa, na anajua sana kutoa fedha pungufu, kwa sababu ndiyo hesabu anayoifanya nyumbani kila siku.

Yapo maneno ya kuacha nje. La kwanza ni "sisi ni familia moja". Kwenye familia hakuna anayepewa barua ya kupunguzwa, na watu wanalijua hilo, hivyo neno hilo likitoka mdomoni mwa bosi mwezi wa ukata, kila mtu hushika mfuko wake. La pili ni "mwenye kuona hapamfai, mlango uko wazi". Anayelitamka hutamani kuonekana shupavu, na kinachoonekana ni woga tu. Wanaosikia wito huo na kuondoka ni mafundi wazuri, wale wanaotafutwa na kila kinu cha mjini. Utabaki na wasio na pa kwenda, na hasira zao. La tatu ni kuchanganya Kiingereza wakati wa kutoa habari mbaya. Habari mbaya itolewe kwa lugha ambayo aliyeipokea anaweza kuirudisha nyumbani kwa mkewe au mumewe bila kuongeza wala kupunguza.

Halafu nyamaza, uwasikilize. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana watu watasema mengi yasiyopendeza. Mmoja atauliza mafuta ya gari lako yanalipwa na nani. Mwingine atakumbusha Mei Mosi. Mwaka 2025 sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika papa hapa Singida, Uwanja wa Bombadia, na Rais Samia akatangaza kwamba kima cha chini cha mishahara ya watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Mfanyakazi wa kiwanda binafsi aliyekuwa uwanjani, amevaa fulana aliyonunuliwa na mwajiri, alikuwa anampigia makofi shemeji yake mwalimu. Swali lake kwako ni halali. Usimcheke wala usimwambie akaombe kazi serikalini. Mweleze sekta binafsi ina amri yake ya kima cha chini, mwonyeshe kiwango cha sekta yenu kwenye amri hiyo, na mwonyeshe kwamba hamjashuka chini yake. Kama mmeshuka, umekwishavunja sheria, na mkutano huo si wa kuwaomba watu subira, ni wa kuwaomba radhi na kuwapangia malipo ya mapunjo.

Maswali usiyoweza kuyajibu yaandike kwenye daftari mbele yao na utaje siku ya kurudi na majibu. Urudi siku hiyo, hata kama jibu ni "bado". Na usimsahau mlinzi wa usiku. Saa nne yeye amelala. Habari itamfikia saa kumi na mbili jioni, imepita mikono saba, imeota mbawa. Mfanyie mkutano wake getini, hata kama yuko peke yake.

Mikanda ifungwe kuanzia juu

Kwenye ukata, kila jicho hutazama juu kwanza. Hilo si wivu, ni akili. Oktoba 22, 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika pamoja na mengine juu ya mishahara mikubwa ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, na uamuzi huo bado unabishaniwa. Ila kwenye hoja ya mishahara hakuwabishia: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa Rais na hakuwa na wa kumlazimisha.

Wewe unaweza kuanza na kidogo zaidi. Posho yako ya simu. Gari la kiwanda linalowapeleka watoto wako shule. Chakula cha wageni kinachoagizwa hotelini kila mkaguzi akija. Vikate hivi kabla hujagusa chai ya saa nne ya wapakuaji, ambayo kwenye vitabu ni gharama ndogo na bandani ni nusu ya kifungua kinywa cha mtu. Nimeona kiwanda kimoja, nisikitaje, kilichofuta chai ya vibarua mwezi uleule ofisi ya meneja ilipowekewa kiyoyozi kipya. Boksi la kiyoyozi lilikaa nje ya mlango wiki nzima. Hakuna aliyeuliza kitu. Magunia yalianza kupotea, na walinzi, ambao siku zote walikuwa na macho makali, ghafla wakawa hawaoni.

Na usijikate kimyakimya ukidhani unyenyekevu unatosha. Sema: "Nimepunguza mshahara wangu kwa kiasi hiki kuanzia mwezi huu, keshia anayo karatasi." Taja kiasi. Watu wakijua umeanza na wewe, mazungumzo ya kupunguza saa za ziada yanawezekana. Wasipojua, hayawezekani.

Historia yetu ina onyo kwa anayedhani wafanyakazi wa Tanzania huvumilia dharau siku zote. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko mameneja. Katika miaka miwili iliyofuata viwanda na mashirika mengi yaligoma, na kwenye migomo mingi kilichowachoma watu kilikuwa namna wanavyosemeshwa: matusi, kufokewa mbele ya wenzao, kuitwa kwa kidole. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, wafanyakazi walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha bila mwenyewe. Mashine ziliendelea kuzunguka. Meneja anayeamini kiwanda hakiendi bila sauti yake ya ukali alifikirie jambo hilo kabla hajapaza sauti.

Jihadhari na chawa

Msimu wa ukata ndio msimu wa chawa kuzaliana. Anakuja ofisini kwako jioni, wengine wameondoka, anafunga mlango taratibu, anakuambia nani amesema nini kuhusu wewe bandani. Anakusifu kwa hotuba yako ya saa nne, ambayo ilikuwa mbaya. Anakupa orodha ya watu "wasio na moyo na kampuni", na kwa bahati orodha hiyo ina watu watatu aliogombana nao.

Kwa mtu mwenye hofu, chawa ni mtamu. Ndiye peke yake anayekuja bila kudai. Mwambie akaseme bandani, mbele ya aliowataja. Hatakwenda, na hatarudi. Badala yake mtafute yule anayekusumbua kwenye mikutano, mara nyingi kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, labda la TUICO. Huyu anakuambia ukweli bure, hadharani, kabla haujafika mahakamani. Mpe kiti.

Nusu mshahara

Mkikubaliana kulipa nusu, elewa unachokifanya kwenye nyumba za watu. Mtu aliyekosa nusu hatakaa akingoja. Atakopa, na anayekopesha haraka bila maswali mtaani ni mwenye mikopo ya kausha damu, jina ambalo wananchi wenyewe wameipa baada ya kuonja riba yake. Mama aliyechukua mkopo huo kwa sababu ulimwambia "kesho kutwa" na kesho kutwa ikawa wiki tatu, atapoteza televisheni, kisha godoro, kisha usingizi. Ndiyo maana tarehe unayotaja ina uzito. Usitaje tarehe ya kutuliza watu. Baada ya Vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, na foleni za sabuni na sukari zikaendelea kurefuka hadi miaka ya themanini. Kama ahadi ya mtu aliyeheshimiwa kiasi kile ilikumbukwa na kuhesabiwa mwezi kwa mwezi, ya kwako itahesabiwa siku kwa siku.

Wenye mishahara ya chini kabisa walipwe yote kwanza. Kupunguza kwa asilimia sawa kunaonekana haki kwenye karatasi, lakini nusu ya mshahara wa mhasibu bado inanunua unga, na nusu ya mshahara wa mfagizi hainunui. Na makato ya NSSF yasiguswe. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu si ya kiwanda tena, ni yake. Mwajiri anayeichelewesha "kidogo tu mpaka mambo yatulie" anamnyang'anya mfanyakazi mwavuli wakati mvua inaanza, kwa sababu aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe anaweza kudai fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, akitimiza masharti mengine ya mfuko. Akifika dirishani akaambiwa michango yake haionekani, jina litakalotajwa nyumbani kwake usiku huo ni lako.

Ikifika kupunguza watu

Wakati mwingine, baada ya kukata kila kinachokatika, hesabu bado haziingiliani na lazima watu waondoke. Hapo sheria ya Tanzania imeshaandika karibu adabu yote unayoihitaji, na ni ajabu jinsi mameneja wachache wanavyoisoma. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakutaka utoe taarifa mapema, tangu unapofikiria kupunguza, na si baada ya kuamua. Kinakutaka utoe taarifa zote muhimu, kisha ushauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe: sababu ni zipi, je kuna njia ya kuepuka, watachaguliwaje watakaoondoka, lini, na watalipwa nini. Msipoelewana, suala linakwenda kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Ukikisoma vizuri utaona kifungu hicho kinadai tabia tu: sema mapema, sema yote, sikiliza. Na ushauriano wa kweli huzaa njia ambazo meneja peke yake hazioni. Nani anataka likizo bila malipo wakati wa kilimo? Singida wengi wana mashamba, na mvua zinapoanza wapo watakaoomba wenyewe waende wakalime na kurudi mbegu zikivunwa. Nani yuko karibu kustaafu na angependa kuondoka kwa utaratibu? Nani wanaweza kugawana zamu? Usipouliza hutajua, na utampunguza kijana mwenye watoto wachanga huku mzee aliyetaka kupumzika akibaki akisinzia kwenye mizani.

Barua mpe mtu mkononi, wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa. Usimtumie karani. Usitume kwenye kundi la WhatsApp usiku. Usimwache ajue getini pale mlinzi anapomwambia, kwa aibu, kwamba jina lake halipo kwenye daftari. Mwambie sababu, mwambie vigezo, na umpe karatasi ya hesabu yake: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo asiyoichukua, malipo ya notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni notisi isiyopungua siku 28, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 12 atapata siku 70. Kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, kuna nauli ya kumrudisha. Na cheti cha utumishi, ambacho hakikugharimu kitu zaidi ya karatasi na muhuri, na kwake ndicho kitakachomfungulia geti la kinu kingine.

Akilia, kaa. Usiangalie saa. Akikutukana, nyamaza, usimwite mlinzi kama hajakunyanyulia mkono. Umemwondolea mtu chakula, na hata kama huna kosa, ana haki ya dakika zake chache.

Na ulipe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na waliokuwa watumishi wake wa Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao mitaani Dar es Salaam miaka ya 2000, wazee wa mikongojo, wengine wakiwakilishwa na wajane na watoto wao. Mameneja waliowasainia barua walishasahau siku nyingi. Wao hawakuweza kusahau, kwa sababu kila mwezi ulikuwa unawakumbusha.

Wanaobaki nao usiwapuuze. Asubuhi ya pili bandani kuna kimya, watu wanafanya kazi ya wawili na kila mmoja anafikiri ni zamu yake. Rudi palepale ulipotolea habari, useme wazi kama kuna mwingine atakayeondoka au hapana. Kama hujui, sema lini utajua. Na aliyeondoka akifiwa, nenda msibani. Utatazamwa sana. Nenda hata hivyo, kaa chini na wenzako, changia kama jirani. Mambo yakitengemaa na magunia yakianza kuingia tena, anza kuwaita wale uliowaondoa kabla hujatafuta wageni. Wanaijua mashine.

Meneja unayesoma haya unajua tayari kama fedha za mwisho wa mwezi huu zitatosha. Kama hazitatosha, usisubiri tarehe ifike. Watu wako wako bandani sasa hivi. Nenda ukawaambie leo.